Pasipowekwa Vigae

Fundi alipofika kona ya chumba cha ndani, Bi Mwanamize, aliyewauzia nyumba, alimzuia kwa mkongojo.

"Hapo msiweke vigae. Kila tulipofiwa tulichimba hapo shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Mama yangu, mume wangu, wanangu. Nami nioshewe hapo."

"Lakini bibi, nyumba si yako tena," alisema Shamte, mnunuzi.

Mkewe, Zuwena, alimkata jicho. "Tutakuachia, bibi."

Pakabaki kipande cha udongo, urefu wa mtu. Wakakifunika kwa zulia.

Asubuhi ya kwanza kuamka humo, Zuwena alikanyaga zulia, likamlowesha nyayo. Chumba kizima kilinuka kafuri, kama ile ya kupaka maiti.

"Mvua?" aliuliza Shamte kitandani.

Zuwena alitazama dari. Ilikuwa kavu.

Nje, mtu akapiga hodi.