Vinavyofanana Hubaki Kimoja

Kila mwaka kumbukumbu za kila mtu mzima zilihifadhiwa, kichwa kikasafishwa, kisha zikarudishwa. Kuhifadhi kwa muundo kamili kulimlaza mtu juma zima katika kituo cha kumbukumbu, kwa hiyo Siwema alichagua muundo mwepesi, kwa ajili yake na mumewe.

“Vitu vinavyofanana tunabakiza kimoja tu,” karani alimweleza. Siwema akafikiria vikombe na mashuka.

Leo mumewe, Mbaraka, alirudi kutoka kituoni, na wanawe pacha wakamkimbilia mlangoni. Akamnyanyua Kurwa, akambusu, kisha akamtazama Doto kwa upole.

“Na huyu mwenzako, mtoto wa nani?”

Siwema akakumbuka maneno ya karani. Kumbukumbu zake mwenyewe zilikwisha kuhifadhiwa jana, kwa muundo uleule; kesho angesafishwa.

Doto akamng'ang'ania kanga. “Mama, na wewe utanisahau?”

Siwema akampekua uso mzima, akitafuta alama yoyote ambayo Kurwa hana. Hakuiona.