Kibodi ya Karani Mkuu

"Kibodi italia vilevile?" karani mkuu aliuliza.

Siku tatu fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza yake, akilehemu nyaya nyembamba ili kibodi kuukuu, pana kama sinia, ikubali kuzungumza na kompyuta mpya. Na hilo ndilo swali pekee aliloulizwa.

"Italia vilevile, mzee," akajibu. Moyoni alisema: mchagua jembe si mkulima.

Ofisi nzima ilikuwa imepokea kompyuta mpya na kushukuru. Karani mkuu peke yake aligoma. Miaka ishirini alikuwa amekaa nyuma ya mashine ya zamani, skrini ikitazama ukuta, akiigonga kibodi ile mpaka korido ikajaa kishindo. Vitufe vya siku hizi, alisema, ni vya kuchezea watoto. Meneja, ambaye hupima kazi kwa masikio kwa kuwa kusoma humchosha, alimuunga mkono. Kila akipita mlangoni huwaambia wengine, "Mnasikia? Huyo ndiye anayefanya kazi. Nyie mmekaa kimya kama mizigo."

Fundi alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na kibodi hiyo ndiyo iliyokuwa mtihani wake.

Mfagizi akaingia na ndoo. Alikuwa mdogo wake karani, na karani hakuchoka kutangaza kwamba ndiye aliyemtafutia kazi. Mama huyo akainama, akaitazama kibodi. "Kitufe cha kufuta kimebaki palepale, au umekihamisha?"

"Dada, wewe futa sakafu," fundi akasema. "Herufi niachie mimi."

Karani akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Mpe kiti basi, atuandikie ripoti ya mwaka!"

Saa sita mchana meneja akaja kushuhudia. Karani akavuta kiti, akakunja mikono ya shati, akaishambulia kibodi. Kishindo kilikuwa safi kabisa. Lakini sasa skrini ilitazama mlango, na juu yake pakatokea: "hgtrw oopl kkjs mwwq dfa."

Meneja akaisogelea skrini.

"Umeona?" karani akasema, jasho likimtoka kwenye upara. "Waya wake umevuruga herufi. Ng'ombe hazeeki maini, bwana meneja, mimi ni yuleyule. Huyu ndiye hajui kazi."

"Kesho asubuhi nakuja mwenyewe," meneja akamwambia fundi. "Isipoandika maneno ya watu, kitambulisho chako ukiache getini."

Fundi akashinda alasiri yote akibonyeza kitufe kimoja kimoja. A ikatoa A. B ikatoa B. Akarudia mara tatu, na kila kitufe kilitii. Akaitafuta hitilafu kwenye waya, kwenye plagi, kwenye kompyuta yenyewe, asiione. Hofu ikamshika kwelikweli, maana nyumbani alikuwa ameshajigamba kwa mke wake kwamba kazi ni yake, na mke naye alikuwa ameshawaambia mashemeji.

Asubuhi, saa moja kasorobo, alimkuta meneja getini. Wakapanda ngazi. Walipofika kwenye korido wakausikia mlio wa vitufe, wa haraka, haukatiki, ukitoka chumba cha karani mkuu. Meneja akasimama, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Sikiliza! Wewe unapepesa macho hapa, mwenzako keshaanza kazi. Jifunze kwa watu wazima."

Akausukuma mlango polepole, asimsumbue mtu wake.

Ufagio ulikuwa umeegemezwa mezani, ndoo kando yake. Skrini ilijaa barua iliyopangika vizuri, tarehe juu, bila kosa hata moja.

"Kaka, mbona umekawia?" mfagizi akasema bila kugeuka, vidole vikiendelea kukimbia. "Hii ya nne namalizia. Lete zilizobaki kabla meneja hajafika."