Gari Lililolia Kwenye Kona

Kondo alipokata kona ya kuingia kwake Mbagala, gari lilitoa ule mlio wake mwembamba wa kulalamika, na mbuzi wa jirani akainua kichwa. Aliponyoosha usukani, likanyamaza. Aliukunja tena kuingia getini, nalo likalia upya, safari hii kwa kuvuta.

Ndani, mkewe Mwamvita alikuwa ameshatenga chai na sambusa. Siku hizi chai ilimsubiri Kondo mezani ikiwa bado inafuka moshi, na jambo hilo lilimfurahisha sana.

Mezani alikuwapo shemeji yake Talha, mdogo wake Mwamvita, ambaye alikuwa amehamia Chamazi hivi karibuni.

"Shemeji, juzi nimesikia gari linalia kama hili lako mtaani kwetu," alisema Talha huku akitafuna. "Nikavaa shati kabisa, nikajua umekuja kunitembelea."

Chai ilimpalia Kondo. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, maana juzi alikuwa Chamazi kweli, kwa Najat, mke wa pili aliyemuoa kimyakimya mwaka jana na kumficha kwa ustadi aliojivunia. Mwamvita alikuwa ameagwa kwamba mumewe anapeleka magodoro Mkuranga.

"Magari yanayolia ni mengi mjini hapa," alisema Mwamvita, akimpigapiga mumewe mgongoni. "Kunywa chai, baba Chausiku."

Kondo alimshukuru Mungu kwa kumpa mke asiye na maneno mengi. Lakini usingizi ulimpaa. Gari likiendelea na makelele yake, siku moja Talha angetoka nje kweli, amkute mlangoni kwa Najat, na hapo nyumba zote mbili zingewaka moto. Kondo aliwapenda wake zake wote wawili, tena sana, na hakuwa tayari kumpoteza hata mmoja.

Asubuhi alikuwa gereji Temeke, kwa fundi Didas. Didas alifungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya usukani, akachungulia. Kikavu. Alieleza kwamba pampu ya usukani ikikosa mafuta inavuta hewa, na ikivuta hewa inalia. Akajaza mafuta mekundu mpaka alama ya juu, akauzungusha usukani kulia na kushoto ili hewa itoke, na gari likawa kimya.

Wiki haikuisha, likalia tena.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Didas alibadilisha mipira ya kupitishia mafuta. Likanyamaza, likalia. Alibadilisha pampu. Likanyamaza, likalia. Alimwambia Kondo atandike boksi chini ya gari usiku kucha lidake matone. Kondo akatandika Mbagala, akatandika na Chamazi, na kote boksi liliamka kavu. Didas akaanza kuliangalia gari lile kwa jicho la uadui. Alisema mafuta ya usukani hayaungui kama petroli wala hayakauki kama maji, kwa hiyo yeye hana jibu, na kama mzee ana shehe anayemwamini basi amlete gereji.

Wake zake walimhurumia. Mwamvita alimshauri aliache tu, gari lenyewe la zamani, uzee nao una kelele zake. Huko Chamazi, Najat naye alimwambia hivyohivyo, karibu neno kwa neno, huku akimwekea sambusa za moto mezani. Kondo alizitafuna akiishangaa bahati yake. Sambusa za Najat na za Mwamvita zilikuwa na ladha moja, hata pilipili yake ileile. Akaona hiyo ni dalili kwamba amechagua vizuri mara zote mbili.

Mwishowe Didas akakata shauri. Aling'oa mfumo mzima wa usukani, akafunga wa umeme alioutoa kwenye gari lililopata ajali. Huu, alimweleza Kondo, hauna pampu, hauna kikopo, wala hautaki tone la mafuta.

"Hili likilia tena, mzee, mie naacha ufundi narudi kwetu Rombo kulima ndizi," alisema.

Kondo alilizungusha gari uani mwa gereji mpaka mafundi wengine wakaanza kucheka. Kimya kabisa. Akampigia Mwamvita kumuaga kwamba anakwenda Mkuranga. Mwamvita akamjibu kwamba na yeye hayupo nyumbani, ana oda ya sambusa za harusi, awasalimie sana huko.

Chamazi aliingia mchana, madirisha wazi. Talha alikuwa kibarazani kwake, amekipa barabara kisogo, anaongea na simu. Kondo akakata kona hatua chache kutoka kwenye mgongo wake. Talha hakugeuka.

Kondo nusura aimbe. Aliegesha kwa Najat, akavua viatu, akapita mlango wa uani akinyata na tabasamu usoni, amshtue kidogo mke wake mdogo.

Najat alikuwa amekaa mkekani, anakunja sambusa. Kando yake, miguu ameinyoosha, beseni la nyama mapajani, alikaa Mwamvita. Dirishani juu yao ilisimama chupa ya maji iliyojaa mafuta mekundu mpaka shingoni, na pembeni yake bomba la sindano.

Mwamvita alimtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akamgeukia Najat.

"Mwenzangu," alisema, "mbona leo hatujamsikia?"