Kipande cha Pili cha Doti

Wewe ungeanza na picha gani kusimulia safari yako? Bi Mwajabu, mjane aliyerudi juzi kutoka milimani, alitaka moja tu. Kila mjukuu wake Nasra alipoishusha chini kwenye blogu, bibi aliirudisha juu.

“Bibi, ulibeba doti nzima ya kanga. Mbona hapa umejitanda kipande kimoja?”

“Cha pili si hicho, begani kwa Mzee Shekue, mwenyeji wangu wa huko milimani? Baridi ilimshika.”

“Na hukumdai?”

“Doti haigawanywi ovyo, mwanangu.”

Nasra akacheka mpaka simu ikamponyoka. “Haya, niandike nini chini ya picha?”

Bi Mwajabu akajitanda vizuri kile kilichobaki.

“Andika narudi huko. Nataka anioe.”