Kiti cha Mama

Mwanangu na mkewe waliingiza kiti kipya sebuleni wakihema, kile cha kubonyeza kitufe miguu ikainuka yenyewe.

"Kaa, mama. Umetulea, sasa kazi yako ni kupumzika."

Tangu nistaafu ualimu, hawaniachii hata kikombe nikisuuze. Nikiinuka tu, nyumba nzima: kaa, mama, kaa!

Nikapandisha gauni, nikabonyeza muundi wa mguu wangu kwa kidole gumba. Nilipokitoa, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Daktari alinibonyeza hivi hivi jana. Kasema miguu imejaa maji kwa huku kukaa kutwa, niinuke nitembee kila siku. Nyie mnanizika huku napumua!"

"Kijaribu tu, mama. Kinastarehesha."

"Kaa wewe."

Mwanangu akakaa, yeye ambaye ofisini habanduki kitini mpaka jioni. Akabonyeza kitufe. Miguu yake ikapanda taratibu mpaka usawa wa mikono yangu.

Nikampandisha suruali, nikambonyeza muundi kwa nguvu, nikaachia. Mkewe akasogea kutazama. Tukasubiri lile shimo lijae.

Halikujaa.

"Simama!" nikamwambia kwa sauti ile ya darasani, nikamtupia viatu vyake.