Kitufe cha Tafuta

Kitendawili, mjukuu wangu! Fundi akinitengeneza ananiona, kazi ikianza sionekani. Mimi ni nani? Fikiria kwanza, mji utanipa baadaye.

Nasimiyu naye alikuwa akifikiria hicho hicho. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia kompyuta ndani ya hema, kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, hapa Nakuru, Februari ile ya 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Kwenye ukurasa wa kuchorea programu, kitufe cha TAFUTA kilikuwa kimekaa vizuri, kinene, cha kijani. Akiiwasha programu, kitufe hakuna.

Nje foleni ilikuwa imezunguka hema. Kila mtu alitaka kutaja jina moja tu, aambiwe mwenye jina hilo yuko kambi gani, na ni nani amemuulizia. Bila kitufe, majina yote yalikuwa yamefungiwa humo ndani.

"Hakijafunikwa na picha?" Hardeep aliuliza kwa simu. Kompyuta ilitoka dukani kwake, na ukurasa huo ni yeye aliyeuchora.

"Picha nimeitoa, boss. Bado."

"Basi kimetoka nje ya dirisha la programu."

"Kiko katikati kabisa!"

Mzee Odero, wa kwanza kwenye foleni, akachungulia. "Binti, hiyo TV yako imekataa?"

"Inaringa tu, mzee."

"Kama Awuor, mke wangu." Akacheka. "Tulipotezana Naivasha. Na wewe, unamtafuta nani?"

"Wacha kwanza ya watu iishe," Nasimiyu akasema, akikunja mikono ya sweta ya msaada iliyomzidi.

Akafungua maelezo ya kile kitufe, akayasoma mstari kwa mstari. Rangi. Upana. Maandishi. Karibu na mwisho: Visible, False. Yaani kisionekane! Hardeep alikuwa amekificha akijaribu kitu kingine, akasahau. Na kitufe cha aina hiyo, ukikichora unakiona. Programu ikianza tu, kimepotea. Haya, nipe mji wangu.

"Ai, Hardeep! Wewe!" Akabadilisha neno moja, akawasha. Kitufe hicho hapo.

Odero akataja jina. Kompyuta ikajibu: Awuor, yuko Naivasha. Ameuliziwa na: hakuna. Chini yake, mstari mwingine wenye jina hilo: Odero, ameuliziwa na Awuor.

"Ananitafuta!" mzee akapiga kelele. "Mwanamke aliyekuwa akinifukuza jikoni kila siku!"

Foleni nzima ikacheka. Wakaingia mmoja mmoja, wengine wakatoka wakiruka, wengine kimya.

Hema ilipobaki tupu, Odero akarudi na kikombe cha uji. "Kunywa, ukapumzike."

Nasimiyu hakuinua macho. Aliandika jina, akabonyeza, akangoja. Kompyuta ikajibu: Ameuliziwa na: hakuna.

"Ya watu imeisha," mzee akasema. "Sasa niambie. Unamtafuta nani?"

Nasimiyu akafuta jina lake mwenyewe, herufi moja moja.

"Anayenitafuta, mzee."