Mapumziko ya Uso

Kwa mujibu wa sheria, kila mhudumu wa klabu ya usiku hubandikwa plasta mashavuni akitoka kazini, ili uso uliochoka kuchekea watu upumzike hadi zamu ijayo. Tangu Mwanaidi aanze kuivaa, halii tena bafuni. Usingizi umerudi.

Asubuhi hii bintiye Tunu, wa miaka minne, alimletea mchoro wa mbuzi aliyevaa viatu.

"Umefurahi, mama?"

"Sana, mwanangu! Viatu vinampendeza."

Tunu alimpapasa midomo. "Mbona hucheki?"

"Uso umelala."

"Utaamka lini?"

"Nikifika kazini."

"Huko unamchekea nani?"

"Wateja."

Mwanaidi akamkumbatia kwa nguvu. Tunu akamnong'oneza sikioni, "Basi mimi nikikua nitakuwa mteja."